Ushahidi Ulikuwa Sikio Langu

Naikumbuka, mwanangu, siku mama alipomwita mdogo wangu Aikande kutoka jikoni, naye akaendelea kuokota kahawa zilizoanguka bila kugeuka. Akaitwa tena. Tukadhani ni jeuri.

Tuliishi Masama, miaka ile ya Ujamaa, hata sabuni ilipokuwa ya foleni. Dawa ya karibu ilikuwa ya bibi mzaa baba: jani nene lenye maji mengi, linaloota kando ya mfereji. Alilipasha kwenye majivu ya moto, akalikamua sikioni likiwa vuguvugu. Mwaka uliotangulia aliniwekea mimi, nikapona. Basi nikatembea kifua mbele, maana kila jirani alionyeshwa sikio langu.

Aikande alipoanza kulia na masikio yote mawili, bibi akashuka mferejini kuchuma jani. Usaha ukatoka. Mama akasema kwa woga, "Mama, tumpeleke hospitali."

Bibi akanivuta sikio mbele yake. "Na huyu alipelekwa wapi?"

Mama akarudi jikoni, kwani kwetu mkwe habishani na mama mkwe. Tukakamua jani masika nzima, mpaka siku ile ya kahawa, ndipo tukajua hasikii, tukampeleka hospitali.

Daktari alimpima, akasema taratibu, "Masikio mengi huuma na kupona yenyewe, mtie jani au msitie. Ndiyo maana kila jani lina sifa. Lakini sikio linalotoa usaha huenda limetoboka ndani. Kulitia kitu ni hatari."

"Ni jani langu lililomziba masikio?" bibi akauliza.

"Hilo silijui, bibi. Ninalojua ni kwamba mmechelewa."

Kesho yake bibi alikata isale, lile jani ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Akapiga magoti kihambani, kati ya migomba, mbele ya mtoto. Akaomba radhi kwa maneno marefu ya Kichagga. Aikande aliitazama midomo ikicheza, hakusikia hata neno moja. Kisha akaliona jani. Akainamisha kichwa, akamtegea bibi sikio, atiwe dawa.

Bibi alilia, mwanangu. Sijapata kusikia mtu mzima akilia vile. Toka hapo hakulishika tena sikio langu.

Sikukatazi majani ya wazee. Hata kitambaa cha vuguvugu kikiwekwa juu ya sikio hutuliza maumivu. Ila bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Kupona kwangu hakukuwa ushahidi wa jani. Pengine ningepona tu. Sikio la mtoto likitoa usaha usilitie kitu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mzee anayekuzuia ni mimi. Nibishie.

Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akuhifadhie wanao, na kila utakapowaita kwa majina yao, wageuke.