Mahindi ambayo Kalondu hakuyapokea wala kuyaacha yaondoke

Jua la saa moja unusu ndiyo kwanza linagusa mabati ya Kawangware 46, jijini Nairobi, na tayari Kalondu Mwanzia ametumbukiza mkono ndani ya gunia la mahindi hadi kwenye kiwiko. Amefumba macho. Midomo inacheza kidogo kidogo, maana hafungui gunia bila kuomba.

"Juu ya gunia ni pa kuonyesha wageni," anasema akiutoa mkono. "Ukweli uko katikati, kwenye joto."

Anachukua bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, anadunga ubavu wa gunia na kumwaga punje kwenye sinia jeupe. Kisha anatia konzi moja ndani ya chupa ya soda yenye chumvi kavu, anaziba, anatikisa kama mpiga kayamba. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikiteremka yote, yamekauka.

Leo inateremka. "Hili lipite," anasema, na wapakuzi wanalibeba ndani wakimtania. Wao humwita Karao wa Mahindi, yaani polisi wake, na yeye huitika.

Kalondu, mwenye umri wa miaka 52, ni mtunza ghala wa Meza ya Rehema, kikundi cha hisani chenye majiko mawili: moja hapa 46, jingine katika kijiji cha Raila, Kibera. Kila siku ya shule watoto na wazee 210 hula hapo chakula cha mchana. Chakula chote ni cha kupewa. Kazi yake ni kusema kipi kiingie na kipi kisiingie.

Kila Jumatatu huketi na kamati ya watu watano kupima zawadi zilizoahidiwa. Kati yao yeye ndiye pekee aliyeishia darasa la saba. Wamewahi kukataa fulana za watoto kutoka kwa kampuni ya kamari, na unga wenye sura ya mgombea kwenye pakiti. Hayo, anasema, hayakumnyima usingizi.

"Mtu mbaya akikuletea kitu kibaya, hiyo ni rahisi. Kazi iko kwa mtu mzuri akikuletea kitu kibaya."

Macho hayo makali hakuzaliwa nayo. Miaka ishirini iliyopita, nyumbani kwao Kitui, mvua iliwakuta mahindi yakiwa hayajakauka. Njaa ilikuwa imebana. Wakavuna hivyo hivyo na kuyarundika ndani ya nyumba. Yalipoota kuvu waliyaosha, wakayatwanga kutoa maganda, wakapika muthokoi.

"Hatukuwa wajinga," anasema. "Tulikuwa na njaa."

Mumewe Mwanzia, mwashi aliyekuwa akiimba bezi kanisani, aligeuka macho ya manjano, tumbo likajaa. Alikaa siku tisa, akafariki. Daktari ndiye aliyemtajia Kalondu neno sumukuvu: sumu inayoachwa na kuvu, ambayo kuosha hakuiondoi na moto wa jikoni hauiui.

Mjane huyo alikuja Kawangware na watoto wawili, Mutunga akiwa wa kwanza. Alifua nguo za watu kwa shilingi 200 kwa siku, siku ambazo kazi ilipatikana. Meza ya Rehema ilimchukua kuosha masufuria. Asubuhi moja alirudisha gunia ambalo wengine wote walikuwa wamelipitisha, na tangu hapo akapewa funguo za ghala. Sasa hulipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba chake ni 4,500.

Lakini hata kukataa alijifunza kwa kukosea. Miaka mitatu iliyopita mfanyabiashara mmoja alileta magunia kumi na moja yaliyooza. Kalondu akayakataa, mtu huyo akageuza pikapu lake, akaenda zake. Jikoni wakampigia makofi.

Siku nane baadaye alitumwa Raila kumsaidia Angeline, mpishi wa huko. Alipokuwa akipita kwenye kinu cha kusagia, aliona magunia matupu yakining'inia ukutani. Yalikuwa yameshonwa kwa uzi mwekundu, mshono wa kupindapinda. Aliujua mshono ule: ndio uliokuwa kwenye magunia aliyoyakataa. Mwenye kinu alimwambia bila kuficha kwamba mahindi yale aliyapata kwa bei ya kutupa, na unga wake ulikuwa umeshakwisha.

"Mahindi yakishasagwa hayana uso tena," anasema Kalondu polepole. "Ule unga ulikuwa umeingia kwa nyumba za watoto wale wale. Mimi nilikuwa nimenawa mikono tu."

Alifunga siku mbili bila kula. Jumatatu iliyofuata aliiambia kamati kwamba kuanzia siku hiyo, chakula kikikataliwa kwa ajili ya sumu, kisiondoke mpaka ijulikane kinakwenda wapi. Waliandika kanuni hiyo kwenye karatasi. Haikuwahi kutumika hadi Aprili mwaka jana, lilipokuja lori la Mzee Naftaly Kagiri.

Mzee Kagiri, mwenye miaka 74, ana ploti za kupangisha karibu na stendi ya 56. Jiko la 46 limejengwa kwenye ploti yake, na kwa miaka minane hajawahi kudai kodi. Siku hiyo alileta magunia arobaini kutoka shamba lake mwenyewe. Ghalani kulikuwa kumebaki unga wa siku mbili.

Kalondu alitikisa chupa. Chumvi ilishika kioo kama ukungu. Kwenye sinia punje zilikuwa na vumbi la kijani. Alidunga gunia la pili, la tano, la kumi. Ni yale yale.

Annet Nyongesa, msimamizi wa kikundi, alimvuta kando na kumkumbusha mambo mawili: unga wa siku mbili, na ploti ni ya nani. Mpishi mmoja akashauri wayakoboe. Antony, mpakuzi aliyekuwa amechoka kungoja juu ya lori, alisema kwa sauti ili wote wasikie:

"Mathe, kwani njaa iko na pua?"

Watu wakacheka. Kalondu alimwomba Mungu maneno, anasema, na hakupewa mengi. Akaenda hadi mlango wa lori, alikokuwa ameketi mzee.

"Mzee, haya siwezi kuyapokea. Na siwezi kukuacha uondoke nayo."

Mzee alicheka kwanza. Kisha akamwangalia toka kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Mama Mutunga, unajua umesimama kwa ploti ya nani?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana nakwambia mbele yako."

Akamweleza habari za sumukuvu, na za uzi mwekundu. Mzee akashika kichwa cha fimbo yake. Alisema yeye si mtu wa kutupia maskini makombo. Mahindi yale ni chakula chake mwenyewe. Hata nyumbani kwake wanakula hayo hayo.

Kalondu anasema hapo ndipo alipoacha kufikiria ghala.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki hii. Tumefungua gunia juzi."

"Na wajukuu?"

Mzee akaangalia saa yake. Ilikuwa yapata saa tano, saa ambayo katika kila nyumba ya mtaa huo kuna kitu motoni.

"Basi mzee, piga simu sasa. Sufuria iteremshwe."

Mzee alitazama magunia, akatazama sinia. Kisha akatoa simu mfukoni na kumwita mkewe, Wangoi. Alizungumza naye kwa Kikuyu, kwa ufupi.

Siku ile familia nzima ilipelekwa hospitalini kupimwa, wajukuu wanne wakiwa mbele. Wote walipatikana wazima. Majibu ya mahindi yalitoka maabara siku tatu baadaye: sumu ilizidi mara saba kiwango kinachoruhusiwa.

Magunia arobaini yalichomwa mbele ya afisa wa afya. Mzee Kagiri alisimama hapo akiwa na kofia mkononi, Kalondu kando yake. Watu wenye njaa nao walikuja kutazama chakula kikiungua, na si wote walioondoka bila kutukana.

Lawama hizo Kalondu hazikatai. Kwa siku nne watoto walipata uji mwepesi, unga ukiwa umechangwa kikombe kwa kikombe na akina mama wa kanisani kwake. Siku ya tano jiko la Raila halikuwashwa kabisa. Angeline aliwarudisha watoto mlangoni.

"Mmoja aliniuliza tumemkosea nini Mungu," anasimulia Angeline. "Nilimpigia Mama Mutunga simu, tukalia wote wawili. Lakini kesho yake hakuna aliyeugua."

Kisha zikapita wiki tatu bila neno kutoka kwa mwenye ploti. Annet alianza kuulizia vyumba kwingine. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, wapishi waliacha miko kwenye sufuria wakachungulia, wakidhani ni barua ya kuwahamisha.

Mzee alikuja kwa miguu, akiwa peke yake. Hakuleta barua. Alimwomba Kalondu aende akaone ghala lake.

Kalondu alikuta magunia yamelazwa kwenye sakafu ya simiti, yamegusana na ukuta, na bati moja likivuja. Alimwonyesha jinsi ya kuinua kwa mbao, kuacha njia ya hewa, kuanika juu ya turubai na kutikisa chupa. Leo, anasema mzee, chupa yenye chumvi iko kwenye dirisha la ghala lake, na wajukuu ndio wanaogombania kuitikisa.

"Miaka minane nimetoa, na hakuna mtu alifungua gunia mbele yangu," anasema Mzee Kagiri. "Nilidhani ni heshima. Kumbe walikuwa wananiogopa."

Lori linalopakuliwa asubuhi hii ni lake. Kati ya magunia thelathini, Kalondu amepitisha ishirini na nane. Mawili amefunga kamba nyeusi na kuyaweka kando, yatachomwa Ijumaa. Mzee amepanda mwenyewe kuyakagua, akanusa, akakunja uso.

"Haya ni ya kona ile ya mashariki ya ghala," amesema. "Nilimwambia kijana wa shamba mvua haijaondoka." Akashuka akijicheka.

Wafanyabiashara watatu wa soko la 46 sasa humwita Kalondu kabla ya kununua. Annet anasema kamati imenunua kipima unyevu, mashine ndogo inayotosha mfukoni, na Kalondu amekuwa akijifunza kukisoma kila jioni baada ya ibada. Mwanzoni tarakimu zilimsumbua. Alizilinganisha na chupa yake, siku baada ya siku, mpaka akaziamini.

Mwezi Februari, mahindi ya mvua za vuli yatakapokuwa yanakomaa Kitui, ameomba likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu aanze kazi. Amenunua maturubai manne kwa akiba yake. Kamati imemwazima kipima unyevu. Mama mkwe wake, Kaluki, ambaye ndiye aliyemzaa Mwanzia, amemwambia kwa simu kwamba wanawake kumi na wanane wamekubali kuanika nje, na wameshapanga zamu za kulinda. Kumi na tisa wangekuwa, ila mmoja anasema hajawahi kusikia mashine inayojua mahindi kuliko Mkamba.

Kalondu anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anafuta mikono kwenye leso.

"Huyo ndiye nitaanza na yeye," anasema. "Hapa mjini huwa nafika mambo yakiwa yameshaharibika. Kule nitayakuta mahindi bado yako shambani."