Mtarakwa wa Uani

Mtarakwa kwao ni Lushoto, kwenye baridi, na ukiachwa ukue hutoa mbao za kuezekea nyumba nzima. Mimi niliununua kwenye kitalu kando ya barabara ukiwa haujanifika magotini, nikaupakata kwenye basi hadi Tanga, abiria mwenzangu akidhani napeleka mche wa kupanda kaburini. Nilikuwa nimestaafu kazi ya bandari, na tangu nistaafu simu yangu ilikuwa ikinionyesha watu wa mbali wakitengeneza bonsai, yaani mti mkubwa unaofundishwa kuishi mdogo ndani ya chombo. Niliwatazama mpaka nikaona kwamba hata mimi naweza. Mke wangu aliuliza kama kuna mstaafu mwingine hapa Raskazone aliyenunua mti ili usikue.

Niliupanda kwenye kibia cha udongo nilichokitoboa matundu chini, nikauweka uani penye jua la asubuhi. Waya niliupata Nguvumali, kwa fundi anayesuka upya mota zilizoungua. Waya wa shaba ni mkaidi. Huna budi kuuchoma kwenye makaa hadi uwe mwekundu, ndipo ukipoa unalegea. Niliuchoma kwenye jiko la mke wangu, wakati wali wake ukingoja kupaliwa makaa. Yaliyosemwa hapo sitayaeleza.

Mama yangu anaishi nasi. Ni mzee, macho yamepungua lakini ulimi umezidi. Tangu baba afariki, kila baada ya alasiri mimi na yeye tulikaa uani kunywa chai ya tangawizi. Hatukuwa na mazungumzo makubwa. Yeye alinisema, mimi nikamtania, tukawateta majirani kidogo, kikombe kikaisha. Nilikuwa naipenda saa ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Siku ya kufunga waya nilichagua saa hiyohiyo, ili naye aone ujuzi wangu. Kazi yenyewe inataka subira, na subira mimi nilinyimwa. Unachimbia ncha ya waya kwenye udongo, unaupandisha shinani kwa mshazari, kisha unazungushia kila tawi, usikaze wala usilegeze, huku vijani vyenye ncha vikikuchoma vidole. Halafu unaweka kidole gumba chini ya tawi na kulipinda polepole. Tawi kubwa nililivuta lishuke, likalia kidogo, nikasita. Halikuvunjika. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Mama aliweka kikombe chini.

"Unaufanya nini mti wa watu?"

"Naufundisha, mama. Si wewe uliyenambia samaki mkunje angali mbichi?"

"Samaki anayekunjwa keshakufa, mwanangu. Huu u hai. Na mie sinywi chai nikitazama kiumbe kafungwa."

Akainuka, akaingia chumbani kwake. Kesho yake chai yake ilipelekwa huko, na keshokutwa vilevile. Asubuhi nikimwamkia shikamoo, marahaba ilikuja, lakini kavu. Ningeweza kuzitoa zile nyaya ubishi ukaisha. Sikuzitoa. Mtu mzima wa kuitwa babu, nikanuna kama mtoto aliyenyang'anywa embe, nikawa nakunywa chai na mti. Chai ile haikuwa na ladha, hata mke wangu alipoiongezea iliki kwa kunihurumia.

Haukupita muda mrefu mti ukaanza kufifia rangi. Kila nikigusa udongo nakuta tope, na mimi naumwagilia kwa kipimo cha kikombe kidogo cha kahawa. Mtarakwa hautaki kulowa miguu. Ukizidishiwa maji mizizi huoza. Nilimtuhumu mke wangu, akaapa. Nikamtuhumu paka wa jirani, ambaye hakuwa na wa kumtetea. Ndipo adhuhuri moja, nikiwa nimechelewa kutoka kwenda msikitini, nikamwona mama. Alikuwa amemaliza kutia udhu, birika mkononi, anapapasa ukuta taratibu hadi kwenye kibia. Akamwaga maji yote yaliyobaki.

"Kunywa, maskini wa Mungu," aliuambia mti. "Mfungwa naye hunyweshwa."

Kumbe kila sala alikuwa akifanya hivyo. Nilitaka kufoka, nikajizuia kwa sababu alikuwa anatabasamu.

"Mama, huu ni mti wa mlimani. Maji mengi yanauozesha."

Tabasamu likaondoka. "Basi nimeuua?"

Nikamwambia kweli, kwamba sijui. Mtarakwa ukifa haukwambii. Unaweza kukaa kijani wiki nyingi, mzizi umekwisha zamani. Mama akakaa kitako palepale sakafuni. "Nimeuua kwa huruma," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nami nikaogopa. Kuanzia hapo sura ya mti haikunishughulisha tena. Nilitaka uishi tu, ili mama asikae na jambo hilo moyoni.

Nikautoa kwenye tope, nikakata mizizi iliyooza, nikaurudishia mchanga mnene uliochanganywa na kokoto. Waya sikuugusa, mti mgonjwa hauchezewi mara mbili. Mama naye akarudi uani. Hakurudi kwa ajili yangu, alirudi kumlinda mgonjwa, lakini chai ilikuwa chai. Akanisema, nikamtania. Kila alasiri alipapasa ncha za matawi na kuniuliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado." Nilikuwa na raha na hofu kwa pamoja, maana mti ukifa, kiti kile kingebaki kitupu tena, na safari hii asingekuwa amenikasirikia mimi.

Mpaka alasiri moja vidole vyake vikasimama.

"Hapa pamelainika."

Nikainama. Pembeni mwa tawi lile kubwa palikuwa na ncha changa ya kijani kibichi, na juu yake nyingine. Mama akamshukuru Mungu, kisha akaagiza sukari ya ziada, ambayo daktari amemkataza. Nilimtilia. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikachukua koleo.

"Leo naufungua, mama. Kwa ajili yako."

Akanishika mkono.

"Usifungue mapema. Ulipokuwa mdogo ukaanguka ukavunjika mkono, fundi wa mifupa alikufunga mabanzi, akasema yasiguswe mpaka arudi mwenyewe. Ukalia kutwa kucha. Sikustahimili. Niliyalegeza upate kulala, nikayakaza tena kabla hajaja."

Kiwiko changu cha kushoto hakinyooki sawasawa hadi leo. Umri wangu wote nimemsema vibaya yule fundi, tena mbele ya mama, naye akinisikiliza tu.

Alikipapasa kile kiwiko kama alivyopapasa matawi.

"Uache ushike," alisema.

Nikaweka koleo chini, nikammiminia chai kwa mkono huohuo uliopinda.