Kidole Changu Kwenye Duara la Saba

Kazi yangu ni kuhesabu matundu ya risasi. Watu wa kanisa letu kule Tawa wanajua kwamba kila Jumamosi naenda Malili kuwapikia chai watu wa bunduki, wale wa klabu ya kulenga shabaha, na kweli miaka miwili ya kwanza nilipika chai. Lakini siku moja yule mzee aliyehesabu kadi alisahau miwani yake nyumbani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika, nikamwambia hapo umeandika nane na hiyo ni tisa. Akaniambia nimimine chai. Walipopima wakakuta ni tisa. Tangu hapo chai anapika mtu mwingine.

Sikusomea kazi hii. Shule niliiachia darasa la tatu, upande wa Migwani nilikozaliwa, kwa sababu maji yalikuwa mbali na mtu wa kuyachota nilikuwa mimi. Macho yangu yalisomeshwa na ndengu. Mtu aliyekaa na ungo tangu utotoni akitoa kijiwe chenye rangi ileile ya ndengu, kadi ya shabaha haiwezi kumdanganya.

Hiyo kadi ina maduara kumi meusi, na kila duara linapigwa risasi moja. Bunduki zenyewe ni zile ndogo, risasi yake haizidi mbaazi kwa unene. Ndani ya kila duara kuna mistari myeupe, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa. Ndani kabisa ni kumi, unaofuata ni tisa, hivyo hivyo mpaka nje. Risasi ikigusa mstari, hata kwa unywele, inapewa namba ya juu. Isipogusa, basi. Tukibishana tuna kipimo, kijiti cha chuma chenye ukingo kama kofia, unakiingiza kwenye tundu na kutazama kama ukingo umefika kwenye mstari. Kinaingizwa mara moja tu, kwa sababu ukikirudisha tundu limeshapanuka.

Sheria niliyofundishwa kabla ya hizo zote ni kwamba mkono wa mtu usiguse tundu. Hiyo ilinisumbua. Sisi tunaosuka viondo, vikapu vya kwetu, tuna tabia moja: ukiona uzi wa mkonge umetoa nywele, unalamba kidole gumba na kuulaza. Hufikirii. Nimefanya hivyo miaka hamsini na zaidi. Na risasi ikipita kwenye karatasi inaacha nywele vilevile. Mwanzoni nilijipiga mkono mara nyingi, baadaye nikadhani mkono umesikia.

Tunahesabia ndani ya kontena la bati, mimi na mwalimu mmoja mstaafu. Tunafungiwa kwa kufuli kutoka nje mpaka matokeo yatoke, na ufunguo unakaa na mwenyekiti wa klabu. Zamani wapigaji walikuwa wakija kulia mlangoni, tazama vizuri Mama, hiyo imegusa. Mwenyekiti akasema basi, mlango ufungwe. Kadi zinaingizwa kwenye mwanya uliokatwa ukutani. Saa nne asubuhi bati linaanza kuchemka. Ukitaka kwenda haja unangoja. Nje unasikia ta, ta, ta, lakini mtu humwoni.

Kwa hivyo wapigaji nawajua kwa matundu yao. Kuna mmoja, mtu mzima wa biashara barabarani, risasi zake zote hukaa kushoto kwa sababu anapuuza upepo na kulaumu bunduki. Mwalimu anasema mimi nawasoma watu kama kadi ya kliniki. Alikuwa na mzaha wake mmoja, ati siku nitakayokosea yeye atachinja jogoo.

Sasa msichana. Ni binti wa kwanza wa mwanangu, na kwa desturi yetu huyo anabeba jina langu. Baba yake mwenyewe humwita mwaitu, yaani mama, kama anavyoniita mimi. Mimi namwita Wajina. Alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani miaka miwili. Kwetu msichana aliyemaliza shule, hana kazi na hajaolewa, anakuwa jembe la kila mtu. Mama yake akimaliza kumtuma, shangazi anamtuma. Nilikuwa namwona jioni akisimama kwenye kingo za matuta, mikono kiunoni, anatazama barabara ya vumbi isiyomletea mtu. Hali hiyo naijua, nilisimama hivyo nikiwa na umri wake na hakuna aliyenitoa.

Nikamwombea nafasi. Klabu hufundisha vijana wa karibu, kwa bunduki za klabu, chini ya macho ya mkufunzi. Akalala kwenye mkeka, akapiga, na kadi yake ya kwanza ikaingia kwenye mwanya. Nilicheka peke yangu. Matundu yalikuwa yamemwagika toka juu hadi chini kama punje kwenye gunia lililotoboka.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia, wewe unapumua wakati wa kufyatua. Akashangaa nimejuaje na sikumwona. Nikampa sindano ya kushonea gunia na uzi, nikamwambia atunge. Alipotunga nikamuuliza pumzi yako ilikuwa wapi. Akafikiri, akasema nilitoa nusu nikangoja. Basi, nikamwambia, fanya hivyo.

Kosa lake la pili lilikuwa kurekebisha kidude cha kulengea cha bunduki baada ya kila risasi. Ikienda kulia anazungusha kushoto, ikienda kushoto anarudisha. Mchana kutwa anafukuza tundu. Nikamwambia mvua moja si msimu, piga tano kwanza halafu uone zimekaa wapi. Mkufunzi alikuwa amemwambia hivyohivyo, lakini mkufunzi hakuwa na jina lake.

Mwaka huo klabu ilitaka watu wanne wa kwenda kushindana kaunti nyingine. Mkufunzi alikuwa ametangaza kwamba kijana wa kienyeji atakayeingia kwenye wanne hao atabaki Malili kama msaidizi wake, apewe chumba na kazi. Nyumbani nilimkuta Wajina ameosha blanketi lake na kulikunja, na viatu vya shule amevipaka rangi.

Siku ya uteuzi walipiga kadi nne kila mtu. Kufikia kadi ya mwisho mwalimu alikuwa ameshapiga hesabu. Akaniambia mjukuu wako akipata tisini na sita ni wa nne, tisini na tano ni wa tano. Nikamwambia sikukuuliza.

Kadi ikaingia. Jina juu yake ni langu, kwa mwandiko wa mtoto. Utaratibu wetu ni mimi natazama kwanza, nazungushia kwa penseli yale ya kubishaniwa, halafu mwalimu anapima. Alikuwa amenipa mgongo, anajimiminia chai kutoka kwenye flaski. Nikahesabu. Kumi tano, tisa nne. Likabaki duara la saba, nikalizungushia penseli.

Niliinamisha kadi kwenye mwanga wa ule mwanya. Tundu lilikuwa karibu na mstari wa kumi, karibu sana, lakini mstari mweupe ulikuwa mzima. Kati yao kulikuwa na weusi mwembamba kama uzi wa kushonea. Niliuona. Tisa. Na pembeni ya tundu kulikuwa na unywele wa karatasi umesimama.

Nililamba kidole gumba nikaulaza.

Sikufikiri. Nilipoondoa kidole, mstari ulikuwa umechubuka na ule weusi haupo. Nikabaki nimeshika kadi. Mwalimu akageuka, akaichukua mkononi mwangu, akaona nimezungushia la saba, akaingiza kipimo. Karatasi iliyolowa hulegea, ukingo ukasogea mpaka kwenye mstari.

"Kumi," akasema. "Mwaitu, mtoto ameenda. Tia sahihi."

Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Kalamu ilikuwa mezani, mlango umefungwa, na nje kulikuwa kimya kwa sababu kupiga kumekwisha na wote wanangoja sisi. Nikiandika kumi, naandika uongo mbele ya jina langu mwenyewe. Nikiandika tisa, namrudisha mtoto kwenye jembe kwa mkono wangu. Nilitamani sana kutoka nje kidogo, hata dakika moja, nisimame mahali penye upepo.

Nikamwambia si kumi.

"Kipimo kimegusa."

"Kilichogusa ni kidole changu," nikasema. "Nimelaza karatasi kwa mate."

Alikaa chini. Akaanza kusema polepole kama anavyosema na watoto wa shule. Kwamba yeye hakuona kidole chochote. Kwamba kipimo ndicho kinachosema, si yeye wala mimi. Kwamba hao wengine wote wana kwao pa kwenda, na huyu je? Alisema yote niliyokuwa nikijiambia. Halafu akasema, "Miaka minne nakungoja ukosee, unakuja kukosea leo," na hakucheka.

Mimi ndiye niliyegonga bati kumwita mwenyekiti. Alifungua, akasimama mlangoni, na nyuma yake nikaliona gauni la bluu la Wajina. Nikaeleza. Mwenyekiti ni mtu wa haki na haki yake ilinichoma zaidi. Hakunigombeza. Akasema kadi imeharibika na kipimo hakifai tena, kwa hiyo inabaki jicho la mhesabu wa kwanza.

"Mama, kabla ya kidole uliona nini? Kama hukuona vizuri, sema hukuona vizuri. Shaka tunampa mpigaji."

Alinifungulia mlango kabisa. Neno moja tu, na uzee wangu ungelibeba. Nani angemlaumu bibi kwa macho? Lakini macho yangu yalikuwa yameona, na kila mtu pale alikuwa na tisa au kumi aliyopewa na macho hayohayo.

"Tisa," nikasema.

Akaandika. Akatufungia tena, kwa sababu kulikuwa na kadi mbili zimebaki, za watu walio nyuma kabisa.

Wajina alinijia kesho yake nyumbani. Nilikuwa nachambua ndengu, akaja akasimama mbele ya mwanga.

"Susu," akaniita, yaani bibi, "mwenyekiti alikuambia useme hukuona vizuri."

"Aliniambia."

"Na wewe huvaa miwani kusoma Biblia."

Kweli navaa, sasa. Nikamwambia niliona. Akaniuliza kwani ningekufa? Nikamwambia aondoke kwenye mwanga, sioni ndengu. Hilo ndilo nililomwambia, sikumwambia lingine. Nimejaribu mara nyingi kutafuta ni neno gani ningemwambia badala yake, sijalipata.

Blanketi lilirudi kitandani. Mwenyekiti akabadilisha sheria, sasa kadi zinaingia na namba, hakuna majina, ili mhesabu asijue ni ya nani. Wote walisema ni jambo jema. Mwalimu peke yake ndiye aliyenitazama.

Wajina alikaa bila kwenda klabu muda mrefu, nikadhani ameacha. Kisha Jumamosi moja, kati ya kadi zilizoingia kwenye mwanya, nikaona moja matundu yamemwagika juu hadi chini. Namba yake haikuniambia kitu lakini haikuwa na haja. Alikuwa ameamka mapema akaja kivyake, bila kuniambia, na alikuwa anapumua kwa hasira. Nilitaka kutoka nimwambie pumzi. Mlango ulikuwa na kufuli.

Anakuja kila Jumamosi sasa, na uteuzi mwingine uko mbele. Nyumbani tunasemezana mambo ya maji na kuni. Matundu yanasogeleana, wiki hii manane yalikuwa ndani ya kumi. Kadi yake ikiingia naijua kabla sijaishika, na nikishaijua siihesabu. Naisukuma kwa mwalimu kwa kiwiko. Halafu nakalia mikono yangu, vidole gumba chini ya mapaja, mpaka amalize kusoma kwa sauti.