Pamba Masikioni, Maiki Mezani

Jambo hili Masasi wanalijua, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mlisikie kwa bodaboda likiwa limeongezwa chumvi, maana aibu ile niliitafuta kwa mikono yangu miwili.

Mimi ni fundi spika. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, ghala moja limebaki tupu, bodaboda wa Masasi na wenzao wa Newala wakaona washindane mbio mle mle ndani, mvua isiwaharibie, wakapanga matairi machakavu juu ya saruji pawe njia ya kuzunguka, nami nikaitwa kufunga spika nne kubwa ili mtangazaji, Bakari, awaambie watu nani anaongoza. Nikamwalika Asnath, mwalimu wa Lulindi (nilikuwa najiandaa kupeleka posa kwao), akaja na baba yake, Mzee Hilari, mwalimu mstaafu ambaye masikio yake yamechoka, na hapendi litajwe.

Mbio zilipoanza, jamani! Pikipiki sita chini ya bati, Bakari anatangaza mpaka mishipa ya shingo imemsimama, hakuna anayeambulia kitu. Nikaongeza sauti, maneno yakazidi kupotea. Hapo udadisi ukanishika, nikazunguka ghala zima kutega sikio: ukutani sauti inarudi mara mbili, katikati inakorogeka kama uji. Nikamuuliza mama mmoja kutoka Mkunya kama anasikia.

"Kelele nazisikia, mwanangu," akasema. "Kwani kuna maneno pia?"

Nikarudi mezani nikaongeza tena, na kwa kuwa masikio yalishaanza kuniuma, nikachukua pamba kwenye sanduku la huduma ya kwanza nikayaziba yote mawili. Fundi wa sauti, nimeziba masikio! Nilijiona mjanja.

Raundi ya pili ikaisha, pikipiki zikazimwa, Bakari akaweka maiki mezani mbele yangu akaenda kunywa maji. Mimi sikujua kama ghala limenyamaza. Nikamgeukia Asnath, aliyeketi kando yangu, nikamwambia kwa sauti ya kushindana na injini ambazo hazipo: "Baba yako hasikii hata chembe, anapiga makofi akiona wenzake wanapiga! Siku ya posa itabidi nimwandikie ubaoni, asije akadhani naomba mbuzi!"

Nikaona watu wanacheka, wengine wameshikana mabega. Nikadhani wanasifia mitambo (si mnaona akili yangu?), nikawapungia mkono. Asnath akanyoosha mkono akanichomoa pamba ya sikio la kushoto, nami nikasikia "mbuzi" yangu ikirudiwa kwa kicheko ghala zima.

Mzee Hilari akainuka, akaja taratibu. Kicheko kikakatika.

"Shikamoo baba," nikasema, na hiyo nayo ikatoka kwenye spika zote nne.

"Marahaba. Tangu niingie humu, maneno niliyoyasikia sawasawa ni hayo yako tu. Kwa nini?"

Nilidhani ananidhihaki, kumbe anauliza kweli, kama mwalimu. Nikamjibu kwamba nadhani ni kwa sababu injini zilikuwa zimezimwa na mdomo wangu ulikuwa karibu na maiki.

"Basi punguza hizo spika. Na mtangazaji aseme pikipiki zikishasimama."

Tukafanya hivyo, na raundi ya tatu yule mama wa Mkunya akalijua hata jina la mshindi.

Mimi sikupona kwa hilo. Asnath hakupokea simu yangu wiki mbili. Nilipokwenda Lulindi kuomba radhi, mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka sita sasa watu wananicheka pembeni, nami nawaona. Siku ile ulizunguka ghala zima ukiuliza watu wanasikia nini. Kwangu hukufika. Ulishajijibu."

Posa ilipokelewa, lakini baadaye sana, na sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Siku hizi, kabla sijagusa kitufe chochote, namtafuta mtu mzima kuliko wote ukumbini, nakaa ubavuni kwake, namuuliza anasikia nini, kisha nanyamaza mpaka amalize kunijibu.