Mwanangu kavunjika mkono, mie nikamhoji kama shahidi

Admin, jina langu lifiche, na la mtoto nimelibadilisha. Mie ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Madale na mume wangu na binti yetu Jesca, yuko darasa la pili.

Kazi yangu ni kufuatilia haki za binadamu kwenye nchi moja jirani iliyotoka vitani. Naenda vijijini, watu wananieleza walichofanyiwa, naandika. Mwanzoni nilikuwaga nalia nikirudi chumbani. Baadaye nikaacha, sijui lini. Nikafurahi hata, nikaona sasa nimeizoea kazi.

Mwezi uliopita nikaja likizo. Jumamosi moja Jesca akaanguka toka juu ya ukuta wa nyumba ya jirani inayojengwa. Akanijia analia, mkono umepinda. Nikamkalisha, nikaanza: "Nani alikuwepo? Ulikuwa umesimama wapi? Kuna aliyekusukuma?" Akisema "mama unauma," nauliza swali jingine, kwa sauti ileile ya kazini.

Mume wangu akatoka ndani. "Mama Jesca, mtoto anaumia we unamhoji?"

Akambeba, tukakimbilia hospitali kwa bajaji. Walipokuwa wanaunyoosha mfupa Jesca alipiga kelele mpaka baba yake akatoka nje kulia. Mie nilisimama palepale, naangalia feni inavyozunguka.

Tangu siku hiyo Jesca akitaka kuvalishwa anamwita dada wa kazi. Simlaumu. Mume wangu naye hakunigombeza, alisema tu, "Ukirudi kule sijui atakayekuja tena hapa atakuwa nani. Acha hiyo kazi, mke wangu. Tutakula tutakachopata."

Shida ni kwamba kule kuna mama mmoja, wanawe walichukuliwa na watu wenye silaha, hawakurudi. Alichukua muda mrefu kuniamini. Sasa amekubali kutuonyesha walipozikwa, mradi mie niwepo. Wenzangu walijaribu kwenda bila mimi, akawaambia, "Nilishamweleza yule dada Mtanzania. Siwezi kuanza upya na mwingine." Na waliofanya ule unyama bado wanaishi kijiji kilekile, wanapishana naye kisimani.

Nilimweleza mume wangu. Akaniuliza, "Na Jesca nani atamsikiliza?"

Likizo inaisha wiki ijayo. Ndugu wanadhani nateseka kuchagua. Siteseki. Sijisikii chochote, kwa yule mama wala kwa mwanangu, na najua hilo linatisha, ila najua kichwani tu.

Jana Jesca alisinzia kwenye kochi, kichwa kikaniangukia mapajani. Nikakaa nasubiri nijisikie kitu. Nilisubiri mpaka akaamka mwenyewe, akaniangalia, akaenda kumtafuta dada.

Ndugu zangu mliopitia haya, nisaidieni mawazo. Niende nikasimame na yule mama, au nibaki na wangu? Na nikibaki, hivi moyo hurudi kweli, au nitakuwa nimekaa tu humu ndani?