Oda Haijafika Mpaka Mpishi Ajibu

Siku niliyovaa aproni kwa mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha Korogwe, na nawaambieni, vijana, sijapata bahati kubwa kuliko ile. Mnacheka? Chekeni tu. Nimefundisha mpaka nimestaafu, lakini ualimu wenyewe niliupata hotelini, stendi, katikati ya honi za mabasi na moshi wa vitunguu.

Nilikwenda kule nikiwa na shida kubwa. Mimi ni binti wa Handeni, nimelelewa nyumba ambayo mtoto wa kike husema na wakubwa huku ameangalia chini, na sauti yangu ilikuwa ndogo mno. Mazoezi ya kwanza ya kufundisha, yaani pale chuo kinapokupeleka shule ya msingi ukafundishe huku unasimamiwa, nilianguka. Mkufunzi aliniita pembeni. "Andalio lako la somo ni zuri, binti," akasema. "Umepanga vizuri utakachofundisha na muda wake. Lakini watoto wa nyuma hawajasikia hata neno. Mazoezi ya pili yakiwa hivi, utarudi nyumbani." Nililia mpaka macho yakavimba, maana baba alikuwa ameshatangazia kijiji kizima kwamba ana mwalimu.

Matroni wa bweni ndiye aliyenipa dawa. Dada yake alikuwa na hoteli stendi na alitaka mhudumu wa Jumamosi na Jumapili. "Nenda," akaniambia. "Kule ukinong'ona utajionea mwenyewe."

Basi sikilizeni kazi yenyewe. Mabasi ya kwenda Moshi yalisimama kidogo tu abiria wale. Wanaingia wote kwa mkupuo, konda yuko mlangoni anapiga makofi, "Haraka jamani, gari linaondoka!" Mhudumu haandiki kitu. Unaanza na meza ya mbali kabisa, kwa sababu aliyekaa huko ndiye anayesahaulika. Unasimama katikati ya ukumbi unaita, "Wali nyama mbili, meza ya pembeni!" Kisha unasubiri. Mpishi Mkuu, mzee wa Kishambaa mwenye kifua kipana, anajibu kutoka jikoni, "Wali nyama mbili, imefika!" Asipojibu, hakuna oda, hata kama umeita mpaka umechoka.

Siku hiyo ya kwanza niliita chapati na nyama za bibi mmoja aliyekuwa safarini kwenda Same. Mpishi kimya. Nikaona haya kurudia, nikajipa moyo kwamba amesikia. Bibi wa watu akanawa mikono, akasubiri, honi ikalia, akanyanyuka na njaa yake bila hata kugomba.

Mama Mwenye Hoteli aliona kila kitu. Alifunga chapati na nyama kwenye karatasi, akanitia mkononi. "Mgeni wangu haondoki Korogwe na njaa. Kimbia!"

Basi lilikuwa limeshaanza kutoka stendi. Nilikimbia jamani! Aproni inapepea, kandambili moja imebaki nyuma, watu wote wananitazama. Nikaita kwa kasauti kangu kale kale, wapi! Gari linakata kona. Nikamwona yule bibi dirishani, ameegemeza kichwa kwenye kioo, na huruma ikanipanda kooni. "Kondaaa! Simamisha gari! Bibi hajalaaa!"

Weee! Wauza machungwa waligeuka wote. Basi likafunga breki. Konda akatoa kichwa: "Dada, sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?" Bibi akapokea kifurushi chake, akanishika mkono, akaniambia, "Mungu akukuze, mwanangu." Niliporudi nikichechemea, Mpishi Mkuu alikuwa ametoka jikoni na mwiko wake ananisubiri. Akanguruma, "Chapati nyama moja, imefika!" Hoteli nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote.

Tangu hapo nilikuwa naisubiri Jumamosi kama watoto wanavyosubiri sikukuu. Nilikula nikashiba, hilo nalo msilidharau. Nilizoea kusimama mchana kutwa. Niliongea na madereva, wafugaji, masheikh, watawa, na kila mmoja nikajua namna ya kumwamkia. Nikajifunza hata kumtambua mwenye njaa kwa kumtazama tu, na miaka yote ya kufundisha, mtoto akisinzia darasani nilimuuliza kwanza kama amekunywa uji.

Mazoezi ya pili yalifanyika shule ya Masuguru. Mkufunzi yule yule alikaa nyuma kabisa, sauti yangu ikaanza kuzama. Nikajiambia, meza ya mbali kwanza. Nikamtazama kijana wa dawati la mwisho nikatangaza kanuni ya eneo la mstatili kana kwamba naagiza pilau. "Ukisikia, rudia, kisha useme imefika!" Akarudia, akasema. Darasa zima likafuata kwa furaha, na asiyejibu nilijua hajaelewa, nikamrudia yeye. Mkufunzi aliniuliza mbinu ile nimefundishwa na nani. "Na mpishi, mwalimu," nikajibu. Alicheka sana, kisha akanipa mkono: "Hongera. Sasa wewe ni mwalimu."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mnyuzi, ambako treni ikipita watoto wote hugeuka dirishani, nami nawarudisha kwa sauti moja tu. Nikahamishiwa Mkumbara, malori ya barabara kuu yakinguruma nje, hayakunishinda. Mwisho nikarudi kwetu Handeni, na kote huko watoto wangu walijibu "imefika" kila nilipouliza. Mwalimu Mkuu wa pale alizoea kusema, "Mama, kengele ya shule ikiharibika tunaye wewe."

Siku ya kuniaga, huyo Mwalimu Mkuu alinikaribisha niseme machache. Nilikuwa nimejiandaa vizuri tu. Nikasimama mbele ya watoto wale, na ile sauti yangu yote ikakauka. Nikajikuta nanong'ona kama binti yule wa zamani, "Kwaherini, wanangu. Nawapenda." Nikajua hakuna aliyesikia, nikainama kutafuta leso.

Kutoka nyuma kabisa, mstari wa mwisho, kasauti kembamba ka mtoto wa kike kakaita, "Mwalimu anatupenda, imefika!" Na shule nzima ikaitikia.