Kamba za Kanape

Juma lililopita, hapa kwangu Bel-Air, fundi alipindua kanape yangu, kochi la springi, miguu juu, kwa kuwa ilikuwa imebonyea. Alipochana kitambaa kilichofunika tumbo lake, harufu ya vumbi na katani kuukuu ikanipanda puani hadi nikatoka nje. Alidhani kifua kinanisumbua. Wewe nitakuambia ukweli, maana kwa umri wangu sina tena faida ya kuficha mambo ya utotoni.

Mji huu bado tulikuwa tunauita Élisabethville. Baba alikuwa karani wa reli, na mkubwa wake Mbelgiji aliporudi kwao alimwachia kanape ya kijani yenye springi. Basi ungemwona baba! Aliipangusa kila jioni akitoka kazini, na sisi watoto tuliitazama tukiwa tumekaa kwenye simenti. Aliyeruhusiwa kuikalia kila siku ni bibi peke yake, mama yake baba, aliyetoka kaskazini kwa gari la moshi akiwa na magoti mabovu. Alikaa upande wa dirisha akimenya viazi vitamu kwa kisu chake kidogo, huku harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikitoka jikoni na king'ora cha kiwanda kikiita watu wa zamu. "Hapa magoti yangu inapumuzika," alikuwa akisema.

Mwaka ule wasichana wote tulishikwa na wazimu wa kuruka kamba. Tulirukia uani kwa masista, kwenye foyer ambako mama zetu walifundishwa kushona. Wenzangu walikuwa na kamba nene. Yangu ilikuwa ya vitambaa, ikikatika kila mara, na walinicheka. Siku moja bibi alipotoka uani nilichukua kisu chake, nikatambaa chini ya kanape, nikapenyeza mkono penye tundu la kitambaa na kukata kamba za katani zilizofunga springi. Nikazisuka. Kesho yake niliwashinda wote, nikarudi nyumbani kichwa juu.

Sista wa foyer alikuwa na desturi ya kupita nyumba kwa nyumba Jumapili kuona nani anaishi vizuri, kisha habari zilifika kwa wakubwa wa reli. Baba aliingoja siku hiyo kwa miezi. Sista alipoingia, bibi, kwa heshima, akampisha mahali pake. Sista, mnene kuliko bibi, akaketi, akazama mpaka magoti yakamfika kidevuni, na chai yote ikaishia kwenye kanzu yake nyeupe.

Alipoondoka, baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwambia mama yake mzazi, mbele yetu sote: "Mama, we uko muzito. Hii kiti iko ya bantu ya muji. Ukale chini, sawa vile kule kwenu."

"Haina neno, tata," bibi akamjibu mwanawe, akatandika mkeka. Mimi nilikuwa mlangoni na kamba yangu shingoni. Neno moja tu lingetosha.

Jumamosi akaja jirani yetu, aliyekuwa akitengeneza viti vya mabehewa kwenye karakana ya reli. Aliipindua kanape, akazibonyeza springi moja moja kwa kiganja, akasikiliza. Springi zilikuwa nzima. Akavuta mikanda ya chini, nayo ilikuwa imara. Kisha akashika vipande vya kamba vilivyobaki, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Haiko uzito," akamwambia baba. "Kamba ya kuchoka inatoka manyuzi. Hii ilikatwa."

"Nani alikata?"

Jirani akanitazama, akatazama shingoni kwangu. "Mapanya," akasema, akaanza kufunga upya, kila springi na mwenzake wa mbele, wa nyuma na wa pembeni.

Baba akatega mitego ya panya chini ya kanape. Miaka na miaka aliitega, maskini, na hakuna panya aliyenaswa.

Siku ile ile alimwendea mama yake. "Mama, imepona. Rudia pale yako."

"Niko muzuri hapa chini," bibi akasema. Hakuikalia tena. Kila jioni ilibidi watu wawili wamwinue mkekani, mmoja wao mimi, na magoti yake niliyasikia yakilia.

Kiangazi kilipoingia akataka kurudi kwao. Stesheni mzigo wake ukafunguka, nami nikampa kamba yangu aufungie. Aliipitisha polepole vidoleni.

"Ile siku nilipangusa kisu yangu," akaninong'oneza. "Ilikuwa na manyuzi ya hii kamba."

"Juu ya nini haukusema, bibi?"

"Baba yako iko na mukono nguvu. Na we uko mudogo." Akafunga fundo, akapanda behewa. Alifia huko kabla ya mvua.

Baba naye ameaga dunia akiamini ni panya. Foyer haipo, gari lile la moshi halipo, na wasichana wa kamba nimebaki nikiwahesabu kwa kumbukumbu tu.

Fundi alipomaliza akaniita. "Mama, ikala, ujaribu."

Nikakaribia, nikaipapasa. Alikuwa ameifunga vizuri kabisa. Nikamwambia amwite bibi kizee wa nyumba ya pili, mwenye magoti mabovu kama ya bibi yangu, aje aijaribu yeye, mimi nikavuta mkeka wangu karibu na dirisha.